Mafuta ya nazi, nta ya nyuki au majani ya chai: kipi kinafaa kuzuia kutu nyumbani?

Ukinibana nichague kimoja tu, nitachukua nta ya nyuki. Ila swali lenyewe linabana mno. Kisu cha jikoni kinachooshwa kila baada ya mlo, tawa la chapati linaloishi motoni na panga linalongoja msimu wa kufyeka nyuma ya mlango haviliwi na kutu kwa namna moja, na kinga inayokifaa kimoja inaweza kuwa kazi bure kwa kingine. Hapa nalinganisha vitu vitano ambavyo havihitaji duka la dawa wala la rangi: mafuta ya nazi, mafuta ya alizeti, nta ya nyuki, majani ya chai, na vikaushio kama mkaa na mchele. Vipo pia vichache ambavyo watu wanavitumia na ningependa waviache, navyo nitavisema.

Chumvi kwanza

Kutu inataka chuma, maji na oksijeni. Maji hayo si lazima yaonekane. Unyevunyevu wa hewa ukipita kiasi cha asilimia 60, utando mwembamba wa maji unakaa juu ya chuma bila jicho kuuona, na kwa kutu huo unatosha. Wakati wa masika Tanga, Dar es Salaam au Mombasa hewa inapita kiwango hicho usiku na mchana.

Chumvi ndiyo inayochochea. Inavuta unyevu hata siku ambayo hewa ni kavu kiasi, na inayafanya maji yapitishe umeme vizuri, nayo kutu kwa asili yake ni umeme mdogo unaotembea kati ya sehemu moja ya chuma na nyingine. Ndiyo maana mtu wa Mwanza, mwenye ziwa la maji baridi mlangoni, hapati taabu anayoipata mtu wa Unguja mjini, ingawa wote wawili wanaishi ufukweni. Na kutu haijifungi yenyewe. Inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, inavimba, inabanduka, na chini yake kinabaki chuma kipya kikiwa uchi.

Sasa hili ndilo linaloharibu kazi ya wengi: wanapaka mafuta juu ya chumvi. Kisu kimetoka kukata ng'onda (samaki wa chumvi), kimepanguswa kwa kitambaa, kikapakwa mafuta kikawekwa. Chumvi iliyobaki imefungiwa ndani pamoja na unyevu wake, na baada ya siku chache madoa yanatokea chini ya mafuta. Kwa hiyo, lolote utakalochagua hapa chini, chombo kwanza kioshwe kwa sabuni, kisuuzwe, kikaushwe kwa kitambaa, kisha kipate joto kidogo la jua au la jiko linalopoa. Kama maji yako ni ya kisima chenye chumvi, na visima hivyo pwani ni vingi, suuza ya mwisho iwe ya maji ya bomba au ya mvua.

Mafuta ya nazi

Hiki ndicho kitu cha kisu cha kila siku, na nadhani hakuna kinachokishinda kwa kazi hiyo. Sehemu kubwa ya mafuta ya nazi, karibu asilimia 90, ni ya aina isiyoungana na oksijeni kwa urahisi. Maana yake hayachachi haraka na hayageuki gundi. Unaweza kuyapaka leo, ukayaosha kesho, ukayapaka tena, na kisu kikabaki laini bila ukoko. Yakigusa nyanya au mkate hakuna hasara.

Udhaifu wake unatokana na sifa hiyohiyo. Kwa kuwa hayakauki, hayashiki. Kitambaa kinayaondoa, sabuni inayaondoa, hata kidole. Na hapa pwani kuna jambo jingine: mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi za selsiasi. Mbeya, Njombe au Nairobi asubuhi ya baridi, yanaganda juu ya panga na kukaa pale ulipoyapaka. Dar mchana wa nyuzi 31 ni maji matupu. Panga lililosimamishwa nyuma ya mlango linayateremsha yote mpaka nchani, na sehemu ya juu, karibu na mpini, inabaki kavu. Mafuta yaleyale yanafaa zaidi bara kuliko kule yanakotengenezwa.

Uyatazame pia yametengenezwaje. Mafuta ya kupika nyumbani, yale ya kuchemsha tui mpaka mafuta yajitenge, mara nyingi hubaki na maji kidogo na masalio chini ya chupa. Ukiyapaka hivyo unapaka maji. Yapashe moto mdogo mpaka yaache kutoa mlio, yachuje kwa kitambaa, ndipo uyaweke ya kazi hii.

Kiasi kinachotakiwa ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Matone mawili kwenye kitambaa yanatosha kisu kizima. Paka, kisha futa mpaka chuma kionekane kama hakina kitu. Mafuta mazito hayaongezi kinga. Yanakamata vumbi, vumbi linakamata unyevu, na umerudi ulikotoka. Kwa mbuzi ya kukunia nazi tumia mswaki wa zamani ili mafuta yafike kati ya meno, maana hapo ndipo maji yanapojificha na ndipo kutu inapoanzia.

Mafuta ya alizeti

Alizeti ya Singida na Dodoma ina tabia kinyume na nazi. Imejaa asidi ya linoleiki, ambayo inapenda oksijeni. Ukiipaka kwenye kisu na kukiweka kabatini, baada ya wiki chache utakuta unata usiopendeza, wa njano, unaoshika nywele na vumbi. Kwa kisu, kwa hiyo, sikushauri.

Peleka tabia hiyohiyo motoni na mambo yanageuka. Joto kali linayafanya mafuta hayo yashikamane yenyewe kwa yenyewe na kuwa utando mgumu, mweusi, unaoshikilia chuma kiasi kwamba maji ya kawaida hayautoi. Hiyo ndiyo siri ya tawa la zamani lisiloshika chapati. Tawa jipya lioshwe kwa sabuni kuondoa grisi ya kiwandani, lipashwe mpaka likauke kabisa, lipakwe mafuta kidogo mno na kufutwa, kisha lirudishwe motoni mpaka moshi uanze na uishe. Likipoa kidogo, rudia. Mara tatu au nne zinatosha kuanzia. Zilizobaki zitaongezwa na mapishi yenyewe. Fanyia nje, kwa sababu moshi wake unakereketa, na kama lina mpini wa mbao, ulinde na moto.

Utando huu una adui mmoja mkubwa, nayo ni tindikali. Nyanya, ukwaju na ndimu vinaula. Mtu anayepikia mchuzi wa ukwaju kwenye kikaango cha chuma alichokihangaikia wiki nzima asilaumu mafuta. Maharage ya kukaanga, mayai, chapati, vitumbua, vyote havina tatizo.

Nta ya nyuki

Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazouza nta nyingi nje, na Tabora, Katavi na Kigoma ndiko misitu ya miombo inakowalisha nyuki wake. Ajabu ni kwamba nyumba nyingi zina asali na hazina hata kipande cha nta.

Kwa chombo kinachowekwa muda mrefu, nta inayashinda mafuta yote niliyotaja. Inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi, kwa hiyo joto la Dar halitaitiririsha kutoka kwenye panga. Haichachi. Maji yanateleza juu yake. Ukilitoa panga miezi kadhaa baadaye, utaifuta kwa kitambaa chenye maji ya moto na kuendelea na kazi.

Ila nta peke yake ni ngumu kupaka, na ikikaa nene inapasuka. Ichanganye: sehemu moja ya nta kwa sehemu tatu za mafuta ya nazi, kwa uzito. Bara kwenye baridi ongeza mafuta, ziwe nne. Weka vyote kwenye kopo, kopo uliweke ndani ya sufuria ya maji yanayochemka taratibu, ukoroge kwa kijiti. Usiiweke nta moja kwa moja juu ya moto. Ikizidi joto inashika moto kama mafuta mengine yoyote. Ikipoa utapata kitu laini cha kuchota kwa kidole, na kopo moja dogo linatosha nyumba kwa muda mrefu sana.

Lianike panga juani mpaka lipate joto, paka, subiri kidogo, futa kilichozidi. Usisahau tundu la mpini na sehemu ile chuma kinapoingia kwenye mbao. Chuma kilicho wazi unakiona na kukisugua. Kilichofichwa ndani ya mpini ndicho kinachokatika siku ya kazi.

Ukinunua sokoni, inuse. Nta halisi ina harufu ya asali na mizinga. Nta ya mishumaa ya dukani kwa kawaida ni zao la mafuta ghafi, haina harufu hiyo, na si ya kupaka kitu kinachogusa chakula.

Majani ya chai

Hiki kinafanya kazi tofauti na vingine vyote. Mafuta na nta vinaziba. Chai inakibadilisha chuma chenyewe kwa juu. Tanini iliyomo kwenye majani inaungana na chuma na kutengeneza kitu cheusi cha buluu ambacho kimetulia kuliko kutu nyekundu. Watu wa Bukoba, Moshi na Uganda wanaijua kazi hii bila kuiita jina: kisu cha kumenyea ndizi mbichi kinakuwa cheusi kwa utomvu, na weusi huo hauli chuma kama kutu inavyokula. Tanini ndiyo iliyofanya magome ya mikoko kusafirishwa kutoka pwani yetu kwa ajili ya kutengenezea ngozi. Mikoko iacheni, inalindwa na sheria, na chai iko dukani.

Chemsha konzi mbili za majani kwenye nusu lita ya maji, yaache yapoe, uyachuje. Kitu kiwe kimeshasuguliwa kutu iliyolegea na kutolewa mafuta yote kwa sabuni, la sivyo utapata mabaka. Kilale humo usiku mmoja. Asubuhi kitakuwa cheusi au kijivu cheusi. Kisuuze, kikaushe, kipake mafuta ya nazi au nta. Hiyo hatua ya mwisho ni ya lazima: utando wa tanini peke yake unapunguza kasi ya kutu, hauizuii.

Chai inafaa hasa kwa vitu vya zamani vilivyokwisha kupata vidonda vya kutu, kama shoka la urithi, kisu cha buchani au nanga ndogo ya mtumbwi, ambavyo ukivisugua mpaka ving'ae unapoteza chuma kingi. Kama unapenda kisu king'ae, achana nayo.

Mkaa, mchele na chokaa

Hapa nitakuwa mfupi. Vikaushio vinafanya kazi ndani ya chombo kinachofungika tu. Mfuko wa mkaa kwenye droo inayofunguliwa kila saa haufanyi lolote, kwa sababu hewa ya nje ni nyingi kuliko mkaa. Ndani ya sanduku la fundi lenye kifuniko kinachobana, mkaa uliokaushwa motoni na kufungwa kwenye kitambaa unasaidia kiasi, mradi uukaushe tena mara kwa mara. Mchele ni dhaifu zaidi, na ni chakula. Chokaa isiyozimwa inanyonya unyevu kwa nguvu sana, lakini inaunguza ngozi na macho. Nyumba yenye watoto isiingize.

| Kinga | Chombo inachokifaa | Inadumu | Haifai |
|---|---|---|---|
| Mafuta ya nazi | Visu, mbuzi, mikasi ya jikoni | Mpaka kuoshwa tena | Panga la kuweka muda mrefu pwani |
| Alizeti ya kuchomwa | Tawa, kikaango cha chuma | Muda mrefu, ukiepuka tindikali | Visu na kitu kisichoingia motoni |
| Nta na mafuta ya nazi | Panga, shoka, misumeno, patasi | Miezi | Chombo cha kupikia |
| Chai, kisha mafuta | Chuma cha zamani chenye vidonda vya kutu | Inategemea mafuta ya juu | Stenlesi, mabati, kitu cha kung'aa |
| Mkaa mkavu | Sanduku linalofungika | Mpaka ujae unyevu | Droo na rafu za wazi |

Vya kuacha

Oili chafu ya gari ndiyo ya kwanza. Inazuia kutu, sitakataa, na kwenye lango la chuma wengi wanaipaka. Lakini ina mabaki ya metali na kemikali zinazoweza kuleta saratani, na inapita kwenye ngozi ya anayeipaka. Panga linalochinjia kuku au kufua nazi lisiguse oili hiyo.

Samli na siagi zinaweza kuwa na mabaki ya maziwa, maji na chumvi ndani yake. Zinachacha, zinanuka, na zinaita mende. Sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa mbao za majahazi, yanashika vizuri, ila jirani zako watahama. Majivu ni mazuri ya kusugulia lakini si ya kuhifadhia: yana chumvichumvi zinazovuta maji, na jivu lililoachwa juu ya chuma kwenye unyevu linakuwa tope.

Siki, ndimu na ukwaju watu huvitaja kama kinga, na havikingi chochote. Vinaondoa kutu iliyokwisha kuingia. Loweka saa chache, sugua, osha kwa maji ya sabuni, kausha papo hapo na upake mafuta papo hapo, kwa sababu chuma kilichotoka kwenye siki kinaweza kushika kutu mpya kabla hujamaliza kusuuza kingine. Usikiache usiku kucha. Tindikali ikimaliza kutu inaanza chuma. Na siki isikutane kabisa na dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini kama Jiki. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya sumu, na dawa hiyo peke yake inatoboa hata stenlesi.

Kabla hujapaka, jua una chuma gani

Si kila kinachoonekana cha chuma kinahitaji haya. Sufuria nyingi za jikoni kwetu ni za alumini na kutu hii nyekundu haizihusu. Stenlesi ina kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, inayojitengenezea utando wake wa kinga ikipata hewa na usafi. Inataka kuoshwa chumvi na kukaushwa, basi. Ukiona vidoa vyekundu kwenye sinki la stenlesi, kabla ya kumlaumu muuzaji angalia kama si vipande vya stiliwaya vilivyobaki vikashika kutu juu yake. Sumaku haikusaidii kutambua, kwa sababu visu vingi vya stenlesi vinashikwa na sumaku.

Karai na ndoo za bati zimepakwa zinki, na zinki ndiyo inayoliwa badala ya chuma. Ukizisugua kwa stiliwaya au kuzilowesha siki unaondoa kinga uliyoilipia. Sabuni na kitambaa vinatosha. Zinki ikishaisha na wekundu kuanza, zitendee kama panga.

Jembe linalolima kila siku liache. Udongo unalisugua kuliko utakavyoweza wewe, na kutu ya usiku mmoja inaisha kwenye mstari wa kwanza. Msimu ukiisha ndipo litie nta. Wenye majembe, sururu na mapanga mengi wanaweza kuweka ndoo ya mchanga uliochanganywa na mafuta ya nazi kidogo, uwe na unyevu wa mafuta bila kuchuruzika, na kuchomeka vifaa humo baada ya kazi: mchanga unasugua, mafuta yanabaki. Uwe mchanga wa mto. Mchanga wa pwani una chumvi.

Cherehani ndiyo pekee nitakayokukataza vyote vitano. Mafuta ya alizeti yanageuka gundi kwenye vyuma vinavyozunguka, mafuta ya nazi yanaganda asubuhi ya baridi, na nta haiingii kabisa. Nunua kichupa cha mafuta ya cherehani kwa wauza vifaa vya ushonaji, tia tone moja kwenye kila tundu, na baada ya hapo ushone kwanza kwenye kitambaa chakavu.